Asali Inapoongezwa Pombe Ikiwa Bado Inachacha: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Wagonjwa

Mzee mwenye umri wa miaka 58 analetwa kwenye zahanati saa kumi na moja alfajiri, akiwa ameshikiliwa na mwanawe. Anatoka jasho jingi, mikono inatetemeka, maneno yake hayashikani, na kinywa chake kinanuka pombe. Muuguzi anamsalimu, "Shikamoo, mzee," lakini haitikii ipasavyo. Mwanawe ndiye anayeeleza: "Jana usiku alikunywa vikombe viwili tu vya pombe ya asali, nesi. Ni asali, si gongo. Tulidhani atalala apumzike." Mzee huyu ana kisukari, na kila siku humeza vidonge vya glibenklamidi. Muuguzi anaweza kumlaza pembeni mpaka ulevi umtoke, au anaweza kumchoma kidole na kupima sukari ya damu. Uamuzi huo mmoja unaweza kuokoa uhai au kuupoteza.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, lakini unakusanya mambo ambayo mhudumu wa afya anaweza kukutana nayo katika kituo chochote kilicho karibu na wafugaji wa nyuki na wapikaji wa pombe za kienyeji. Makala haya yanaeleza kinachotokea katika chombo cha pombe mpikaji anapoongeza asali wakati pombe bado inachacha, na kwa nini kitendo hicho cha dakika chache humhusu mgonjwa, muuguzi na daktari. Jambo kuu la kushika ni hili: asali iliyoongezwa katikati ya uchachukaji huacha utamu kidogo na kwa muda mfupi, lakini huongeza ukali wa pombe kwa kiasi kikubwa, na utamu unaobaki huuficha ukali huo.

Pombe ya asali katika Afrika Mashariki

Pombe za asali ni za kale, na kila jamii ina namna yake. Nchini Tanzania hujulikana sana kwa jina la wanzuki. Asali huchanganywa na maji, kisha huachwa mahali penye joto kwa siku kadhaa, mara nyingi baada ya kutiwa mashapo ya pombe iliyotangulia au hamira ya dukani. Siku hizi wapo wapikaji wanaochanganya asali na sukari, au wanaotumia sukari peke yake, ingawa jina la kinywaji hubaki lile lile. Nchini Kenya, Wakikuyu wana muratina, ambayo huchachushwa kwa msaada wa tunda la mwegea lililokaushwa. Tunda hilo hutumika tena na tena, kwa kuwa hamira hujificha katika nyuzi zake na kuamka kila linapotiwa katika maji mapya ya asali. Nchini Ethiopia kuna teji, ambayo hutiwa majani na vijiti vya mmea uitwao gesho ili kuipa uchungu.

Vinywaji hivi vina heshima yake katika posa, harusi na mikutano ya wazee. Mhudumu wa afya anayeanza mazungumzo kwa kuvidharau hatapata ukweli kutoka kwa mgonjwa wake. Anayefahamu jinsi vinavyotengenezwa, kwa upande mwingine, ataweza kuuliza maswali yanayofaa na kupata majibu ya kweli.

Asali, maji na hamira

Kwa wastani, gramu 100 za asali huwa na gramu 80 hivi za sukari na gramu 17 hadi 20 za maji. Sehemu kubwa ya sukari hiyo ni ya aina mbili: fruktosi, ambayo ni karibu gramu 38, na glukosi, karibu gramu 31. Sukari ni nyingi kiasi kwamba maji yaliyopo yameshikwa nayo, na vijidudu havipati maji ya kutosha kuishi. Hiyo ndiyo sababu asali safi iliyofunikwa vizuri hukaa miaka bila kuharibika.

Asali inapochanganywa na maji ya kutosha, kinga hiyo huondoka. Hamira, ambayo ni kiumbe hai chenye chembe moja, huanza kula sukari na kuongezeka. Mwanasayansi wa Ufaransa Louis Pasteur ndiye aliyeonyesha, katika miaka ya 1850 na 1860, kuwa uchachukaji ni kazi ya viumbe hai. Mahali pasipo na hewa ya oksijeni, hamira huigawa sukari kuwa vitu viwili vikuu: alkoholi na gesi ya kabonidioksidi. Gramu 180 za glukosi, zikigeuzwa zote, hutoa gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za gesi. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya uzito wa sukari huondoka kama mapovu, na nusu iliyobaki ndiyo inayolevya. Katika hali halisi alkoholi hupungua kidogo, kwa sababu hamira hutumia sehemu ya sukari kujijenga yenyewe.

Asali ina upungufu mmoja kwa hamira: ina naitrojeni kidogo sana, na hamira huihitaji ili kutengeneza protini zake. Kwa sababu hiyo pombe ya asali huchacha polepole kuliko pombe ya nafaka, na wakati mwingine husimama kabla sukari haijaisha. Ucheleweshaji huu ndio unaomshawishi mpikaji kuingilia kati.

Kwa nini asali huongezwa katikati

Mpikaji huongeza asali pombe ikiwa bado inachacha kwa sababu mbalimbali. Sababu ya kwanza ni utamu. Baada ya siku nne au tano huonja na kukuta utamu wa mwanzo umepotea, ladha imekuwa kavu na chachu, naye hutaka kuurudisha. Sababu ya pili ni harufu. Gesi inayotoka kwa nguvu katika siku za mwanzo huondoka na sehemu ya manukato ya asali, na asali inayotiwa baadaye huhifadhi manukato hayo vizuri zaidi. Sababu ya tatu ni ukali. Asali yote ikitiwa siku ya kwanza, wingi wa sukari huilemea hamira, kwa kuwa sukari huvuta maji kutoka katika chembe zake. Ikitiwa kwa awamu, hamira hupata chakula kidogo kidogo na huweza kufikisha alkoholi nyingi kuliko ambavyo ingefikisha kwa mkupuo mmoja.

Kinachofuata hutegemea hali ya hamira wakati huo. Hamira ikiwa bado ina nguvu, hula sukari mpya kama ilivyokula ya kwanza. Mpikaji anaonja utamu leo, lakini baada ya siku chache utamu huo umegeuka kuwa alkoholi, na huenda akaongeza asali tena. Hamira ikiwa imechoka, hula sehemu tu ya sukari. Kwa kawaida huanza na glukosi na kuiacha fruktosi mwishoni, na fruktosi ni tamu kuliko glukosi. Matokeo yake ni pombe iliyo kali na tamu kwa pamoja. Hamira ikiwa imekwisha kushindwa na alkoholi yenyewe, jambo linalotokea kwa aina nyingi za hamira alkoholi inapofika kati ya asilimia 12 na 15, sukari mpya hubaki kama ilivyotiwa.

Katika hali zote tatu mnywaji hawezi kujua kwa ulimi wake pombe ina ukali gani. Pombe kavu inaweza kuwa hafifu, na pombe tamu inaweza kuwa kali kuliko divai.

Hesabu ya ndoo moja

Kanuni rahisi ya kukumbuka ni kwamba kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja, zikichacha zote, huzaa takriban asilimia 1 ya alkoholi. Kijiko kikubwa kimoja cha asali kina uzito wa gramu 21 hivi, na ndani yake mna gramu 17 za sukari. Kwa hiyo, kila kijiko kikubwa cha asali kinachoongezwa katika lita moja ya pombe inayochacha kinaweza kuongeza asilimia 1 ya ukali.

Chukua mpikaji aliyetia kilo 4 za asali katika ndoo na kuongeza maji hadi kufika lita 20. Asali hiyo ina kilo 3.2 za sukari, yaani gramu 160 kwa kila lita. Sukari yote ikichacha, pombe itakuwa na takriban asilimia 9 ya alkoholi. Siku ya tano anaonja, anaona utamu umepungua, na anaongeza kilo 2 za asali. Sasa ndoo ina kilo 4.8 za sukari katika lita 21 na zaidi kidogo, na pombe inaweza kukaribia asilimia 13.

Athari yake kwa mnywaji ni hii. Kikombe cha nusu lita cha pombe ya asilimia 9 kina gramu 36 hivi za alkoholi halisi. Kikombe hicho hicho cha pombe ya asilimia 13 kina gramu 51. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu 20. Hivyo kikombe kimoja cha pombe iliyoongezwa asali ni sawa na chupa mbili na nusu za bia, na vikombe viwili vya mzee wa mfano wetu ni sawa na chupa tano. Ini la mtu mzima huvunja takriban gramu 7 hadi 10 za alkoholi kwa saa. Vikombe viwili vitahitaji saa 10 au zaidi kuondoka mwilini. Aliyevinywa saa mbili usiku bado ana alkoholi katika damu alfajiri, na hapaswi kuendesha pikipiki, kupanda mti wala kushika mashine.

Hata mpikaji anayetumia haidromita, kifaa cha kupimia uzito wa kimiminika, anaweza kukosea. Kawaida hupimwa mwanzo na mwisho, kisha tofauti hutumika kukadiria alkoholi. Asali ikiongezwa katikati bila kupima kabla na baada ya kuiongeza, sukari mpya haihesabiwi, na makadirio huwa chini ya ukweli. Anayepika nyumbani kwa matumizi ya familia anapaswa angalau kuandika kiasi cha asali alichotia kila mara, ili jumla ijulikane.

Mgonjwa wa kisukari: sukari kupanda, kisha kushuka

Wagonjwa wengi wa kisukari huamini kuwa hatari ya pombe ya asali ni sukari yake tu. Hilo ni nusu ya ukweli. Pombe ambayo bado ina utamu huweza kupandisha sukari ya damu katika saa za mwanzo. Baadaye hali hubadilika. Ini, ambalo kwa kawaida hutengeneza glukosi mpya mtu anapokuwa hajala, hushughulika na kuvunja alkoholi, na kazi ya kutengeneza glukosi hupungua. Mtu aliyekunywa bila kula chakula cha maana, kisha akalala, anaweza kuamka na sukari iliyoshuka mno, au asiamke kabisa. Hatari ni kubwa zaidi kwa wanaotumia insulini au dawa za jamii ya glibenklamidi, kwa kuwa dawa hizo huendelea kushusha sukari wakati ini haliwezi kuipandisha.

Dalili za sukari kushuka ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa, kuchanganyikiwa, kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba na kupoteza fahamu. Nyingi kati ya hizi hufanana na ulevi. Harufu ya pombe humfanya mtazamaji aamini kuwa amekwisha kupata sababu, kumbe sababu ni nyingine au ni mbili kwa pamoja. Kwa hiyo kila mtu anayefika kituoni akiwa amechanganyikiwa na kunuka pombe apimwe sukari ya damu mara moja, hata kama hajulikani kuwa na kisukari. Mnywaji wa muda mrefu asiyekula vizuri anaweza kushukiwa na sukari bila kuwa na ugonjwa huo.

Sukari ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, na mgonjwa ana fahamu na anaweza kumeza, apewe gramu 15 hadi 20 za sukari inayofanya kazi haraka, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Kijiko kikubwa kimoja cha asali halisi kinatosha kwa kazi hiyo. Asiyekuwa na fahamu asitiwe kitu chochote mdomoni, kwa kuwa kinaweza kuingia katika njia ya hewa. Apewe glukosi kupitia mshipa kwa kufuata mwongozo wa tiba. Sindano ya glukagoni inaweza isifanye kazi vizuri kwa mtu aliyekunywa pombe nyingi, kwa kuwa akiba ya sukari katika ini lake huenda imekwisha. Mnywaji wa kudumu hupewa pia vitamini B1, bila kuchelewesha glukosi. Aliyemeza glibenklamidi asiruhusiwe kwenda nyumbani mara tu anapozinduka. Dawa hiyo hukaa mwilini kwa muda mrefu, na sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa.

Dawa nyingine, mimba na watoto

Mgonjwa wa kifua kikuu humeza isoniazidi, rifampisini na, katika miezi miwili ya mwanzo, pirazinamidi. Dawa hizi zote zinaweza kudhuru ini, na pombe huongeza uwezekano huo. Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukawa mweusi au kichefuchefu kikazidi, mgonjwa arudi kituoni bila kusubiri tarehe yake. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI anaweza kusahau dozi kwa sababu ya ulevi, na dozi zinazorukwa huvipa virusi nafasi ya kujijengea usugu. Anayetumia dawa za usingizi au za kifafa, kama vile diazepamu na fenobabito, anaweza kulala kiasi cha kushindwa kupumua vizuri akichanganya na pombe. Anayetumia metformini akinywa pombe nyingi hujiweka katika hatari ya damu yake kujaa asidi.

Kwa mama mjamzito, hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama. Kuwa imetokana na asali hakubadilishi jambo hili, kwa kuwa alkoholi hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Mtoto asipewe pombe ya asali kwa sababu yoyote, iwe kumtuliza, kumlaza au kumtibu kikohozi. Aidha, mtoto aliye chini ya miezi 12 asipewe hata asali yenyewe, kwa kuwa asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli na kuzuia pumzi. Utumbo wa mtoto mdogo bado hauna uwezo wa kuzizuia mbegu hizo zisiote.

Kuna pia imani kuwa pombe ya asali ni dawa kwa sababu asali hutumika kama dawa. Ni kweli kwamba asali iliyoandaliwa kwa ajili ya tiba hutumika kufunika vidonda, na kwamba asali hutuliza kikohozi kwa mtu mzima na mtoto aliyevuka mwaka mmoja. Lakini sukari nyingi inayoipa asali sehemu kubwa ya nguvu hiyo imekwisha kuliwa na hamira. Kilichobaki katika kikombe ni alkoholi, na vinywaji vyenye alkoholi viliwekwa mwaka 1988 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Hatari za chombo na chupa

Kuongeza asali katikati kuna hatari nyingine ambayo humfikia hata asiyekunywa. Kijiko kikubwa kimoja cha asali, kikichacha chote, hutoa zaidi ya lita 4 za gesi. Mpikaji akitia asali, kisha akafunga pombe katika chupa ya kioo kabla hamira haijamaliza kazi, gesi hiyo haina pa kutokea. Chupa inaweza kupasuka kwa kishindo na kurusha vipande vya kioo, na jicho ndilo linaloweza kudhurika zaidi. Chombo kinachochacha kiwe na mfuniko wenye mrija au tundu la kutolea gesi. Pombe isifungwe kabisa mpaka mapovu yaishe na ladha isibadilike kwa siku kadhaa. Vyombo vingi vikiwa pamoja, viwekwe mahali penye hewa, kwa kuwa kabonidioksidi ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hutuama chini katika chumba kilichofungwa, penye usawa wa godoro la sakafuni na kitanda cha mtoto.

Aliyejeruhiwa jicho na kioo asisugue jicho wala kujaribu kutoa kipande kilichozama. Jicho lifunikwe bila kulibana, kwa mfano kwa kitako cha kikombe safi cha karatasi, kisha mgonjwa apelekwe hospitali upesi.

Pombe ya asali ina asidi, na asidi huyeyusha madini. Ndoo ya bati iliyopakwa zinki haifai, kwa kuwa zinki inayoyeyuka huleta kutapika na maumivu ya tumbo. Dumu lililowahi kubeba dawa ya kuulia wadudu lisitumike kamwe, hata likioshwa mara kumi.

Mhudumu akumbuke pia kuwa asali na maji, vikichachushwa pasipo kuongezwa kitu kingine, hutoa methanoli kidogo mno. Mnywaji anayelalamika kuwa macho yanaona ukungu, hasa saa 12 hadi 24 baada ya kunywa, huenda amekunywa kinywaji kilichochanganywa na spiriti. Huyo ni mgonjwa wa dharura na apewe rufaa haraka, pamoja na taarifa juu ya wengine waliokunywa naye.

Namna ya kuuliza

Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani lina maswali 10 kuhusu unywaji, na alama 8 au zaidi huashiria unywaji wenye hatari. Kipimo kimoja cha kinywaji katika dodoso hilo huwa na gramu 10 za alkoholi. Mgonjwa akisema "kikombe kimoja", na mhudumu akaandika kipimo kimoja, kosa limekwisha kutokea, kwa kuwa kikombe cha nusu lita cha pombe ya ndoo iliyoelezwa hapo juu ni vipimo vitano.

Maswali manne yanasaidia kuliepuka kosa hilo. La kwanza: "Kikombe unachotumia kina ukubwa gani?" Mgonjwa aonyeshwe vyombo halisi ikiwezekana. La pili: "Pombe hiyo ilikaa siku ngapi?" La tatu: "Mpikaji huongeza asali au sukari baada ya kuanza kuchacha? Mara ngapi?" La nne: "Ulikula nini kabla ya kunywa, na ulimeza dawa zako saa ngapi?" Maswali haya yaulizwe kwa adabu, faraghani, na bila kumhukumu mgonjwa. Mzee anayeulizwa na kijana wa rika la wanawe atajibu vizuri zaidi akiona anaheshimiwa.

Anayekunywa kila siku asiambiwe tu "acha kuanzia leo" kisha akaachiwa aende. Mwili uliozoea alkoholi ukinyimwa ghafla unaweza kutetemeka, kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na baadaye kuweweseka kwa namna inayohatarisha maisha. Mgonjwa wa aina hii ahitaji mpango wa kuacha chini ya uangalizi.

Hitimisho

Mzee wa mfano wetu alipimwa. Sukari yake ilikuwa milimoli 2.1 kwa lita. Kwa kuwa hakuweza kumeza salama, alitiwa glukosi kwenye mshipa, na baada ya muda mfupi alifumbua macho, akamtambua mwanawe, akaitikia, "Marahaba." Alilazwa na kupimwa sukari kila baada ya muda hadi siku iliyofuata. Kabla ya kuondoka, muuguzi alimweleza habari za ndoo, kilo mbili za asali na siku ya tano. Mzee alifikiri kidogo, kisha akasema kuwa anayewapikia ni shemeji yake, na kwamba huongeza asali kila wageni wanapolalamika kuwa pombe imekuwa chachu. Kwa jibu hilo muuguzi alifahamu ni nani mwingine wa kuelimishwa.

Mambo ya kukumbuka

1. Asali inayoongezwa katika pombe inayochacha hugeuka kuwa alkoholi. Kijiko kikubwa kimoja kwa lita kinaweza kuongeza asilimia 1 ya ukali.

2. Utamu si kipimo cha ukali wa pombe, wala si dalili ya usalama.

3. Kila aliyechanganyikiwa na kunuka pombe apimwe sukari ya damu.

4. Mwenye kisukari aliyekunywa asilale bila kula, wala asilale bila mtu wa karibu kujua kuwa amekunywa.

5. Pombe iliyoongezwa asali isifungwe kwenye chupa kabla haijamaliza kuchacha.

6. Mtoto aliye chini ya miezi 12 asipewe asali, na mtoto wa umri wowote asipewe pombe.